Fasihi Haina Soko? Waulize Wanunuzi

Matokeo ya KCSE yakishatangazwa na mlango wa KUCCPS wa kuomba nafasi vyuoni ukafunguliwa, kuna kozi ambayo mzazi wa Kitengela au Kona Baridi huko Kajiado akiiona kwenye machaguo ya mwanawe hukunja uso kama aliyeletewa habari za msiba: fasihi ya Kiingereza na uandishi wa kubuni. Mtoto ataambiwa kwamba hadithi hazijazi sufuria, kwamba riwaya alikwisha kuzisoma sekondari, achague uhasibu, ununuzi na ugavi, kompyuta, uuguzi, chochote chenye soko. Serikali nayo imeitia imani hiyo muhuri kwa tarakimu. Katika sekondari ya juu, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 Januari 2026, lengo ni asilimia 60 waelekee sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Lugha na fasihi zigawane asilimia 25 na historia, jiografia, dini na biashara. Kwamba fasihi haina soko limekuwa jambo lisilohitaji ushahidi. Nami nasema ni uongo. Soko lipo, ni kubwa, na kwa miaka mingi limekuwa likinunua kutoka kwetu ujuzi huu huu tunaowakataza watoto, tena kwa bei ya kutupa, kwa sababu sisi wenyewe tumeutangaza kuwa hauna thamani.

Tazama biashara ambayo vijana wa Nairobi na viunga vyake wanaijua vizuri, ingawa mbele ya wazazi huitwa tu kazi za mtandaoni. Mwanafunzi wa Marekani au Uingereza anapewa insha na mhadhiri wake, analipa kampuni, kampuni inaitupa kazi kwenye mtandao, na kijana wa Kenya aliyenunua au kukodi akaunti anaikimbilia kabla mwenzake hajaichukua. Anakesha. Asubuhi insha ya kurasa kumi imefika ng'ambo, imepata alama nzuri, na ina jina la mtu mwingine. Filamu ya hali halisi ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, iliyomfuata profesa wa Oxford mzaliwa wa Kenya, Patricia Kingori, iliwaonyesha walimwengu waandishi hao. Ni udanganyifu, na sitaupaka rangi. Lakini ukishamaliza kuulaani, jiulize ni bidhaa gani iliyokuwa ikiuzwa. Ni uwezo wa kusoma swali, kuelewa linataka nini, kupanga hoja na kuiandika kwa sauti ambayo msomaji wa mbali ataiamini. Hizo ndizo kazi za darasa la fasihi na uandishi. Nchi inayosema ujuzi huo hauna mnunuzi ndiyo hiyo hiyo iliyojipatia sifa duniani kwa kuuza insha.

Nitaambiwa kwamba zama hizo zimepita, kwamba tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa 2022 mashine inaandika insha bure, na kozi ya kuandika imekufa kabla hata mtoto hajajaza fomu. Hoja hii ina uzito kuliko zote, na ndiyo maana inafaa kuangalia mashine yenyewe ililelewa na nani. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya waliokuwa chini ya kampuni ya Sama jijini Nairobi walisoma maelfu ya vipande vya maandishi kwa niaba ya OpenAI, wenye ChatGPT, wakivipambanua: hiki ni cha ukatili, hiki ni cha chuki, hiki kinapita. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Yaani wenye mashine, pamoja na wahandisi wao wote, walifika mahali ambapo hesabu peke yake haitoshi na wakahitaji binadamu wa kusoma na kuhukumu. Mashine imepunguza thamani ya kuandika bila kufikiri, nakubali. Haijapunguza thamani ya kujua kwamba andiko lililonyooka kisarufi linaweza kuwa limepinda kimaana. Maandishi ya aina hiyo sasa yanazalishwa kwa wingi kuliko wakati wowote, na mtu wa kuyakamata anahitajika zaidi.

Kama kuna mahali pasipofaa kuidharau kazi hiyo, ni Kajiado. Mwaka 1904 utawala wa Kiingereza uliandika mkataba na Wamaasai, Olonana na wazee wengine wakaweka alama zao, na jamii ikahamishwa kutoka malisho ya Bonde la Ufa kwenda hifadhi mbili, ya kaskazini huko Laikipia na ya kusini ambayo Kajiado ya leo imo ndani yake. Mtu aliyefunzwa fasihi akiushika mkataba huo, jambo la kwanza analouliza ni nani anayesema. Jibu linashtua: wanaosema ni Wamaasai wenyewe, kwa nafsi ya kwanza wingi, wakieleza kwamba wameamua kwa hiari yao kuwa ni kwa faida yao kuhama mbali na njia ya reli. Mwandishi ni afisa wa serikali, msimulizi ni mwenye ng'ombe anayefukuzwa. Hiyo ni mbinu ya kubuni, na imeshikwa barabara. Mapatano yaliahidiwa kudumu muda wote ambao Wamaasai watakuwepo duniani. Yalidumu miaka 7. Mwaka 1911 ukaletwa mkataba wa pili, Laikipia ikaenda, watu na mifugo wakasukumwa kusini.

Hapa ndipo wengi hudakia: hiyo ni kazi ya wakili, basi mtoto asome sheria. Lakini wakili alikuwepo. Mmaasai Ole Njogo na wenzake walimpata Alexander Morrison, wakaenda mahakamani, na mwaka 1913 kesi ikatupwa kwa maelezo kwamba mikataba ile ilikuwa mapatano baina ya Dola na taifa jingine, hivyo mahakama haina mamlaka nayo. Wamaasai, waliokuwa wakitawaliwa na kuhamishwa kama raia wa chini, waligeuka taifa la kigeni siku walipodai haki. Wakili huja andiko likishatiwa sahihi na madhara yakishatokea. Anayehitajika mapema ni msomaji aliyeko nyumbani, kwenye kikao cha ukoo, pale karatasi inapoletwa. Na karatasi bado zinaletwa. Mashamba ya jamii yamegawanywa, ploti zinauzwa kuanzia Kitengela hadi Kona Baridi, na mitambo 60 ya upepo ya Kipeto, iliyoanza kutoa megawati 100 mwaka 2021, imesimama kwenye ardhi iliyokodishwa kutoka kwa wenyeji. Sisemi mikataba hiyo ni mibaya. Nasema ni maandishi, ni ya miaka mingi, na mwenye shamba aliyezoea kuuliza msimulizi ni nani na amenyamazia nini, haibiwi kwa urahisi.

Wanaodai kwamba mwandishi huzaliwa, hafundishwi, hawanichukulii muda. Ni kweli mwandishi Grace Ogot alisomea uuguzi. Wapo pia matajiri wengi wa soko la Gikomba wasiokanyaga darasa la biashara, na hakuna aliyependekeza idara za biashara zifungwe. Upande wa pili, Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika riwaya zake za kwanza akiwa mwanafunzi wa Kiingereza Makerere, na Euphrase Kezilahabi aliandika riwaya ya Rosa Mistika akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wanaoogopa kwamba kozi hii ni mabaki ya ukoloni wanakumbushwa kwamba mwaka 1968 Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na ikazaliwa idara ya fasihi iliyoweka Afrika katikati.

Shutuma moja tu naipokea kwa mikono miwili. Mahali pengi kozi hii inafundishwa kana kwamba ni sekondari iliyorefushwa: mhadhiri anasoma noti za zamani, mwanafunzi ananakili maudhui na wahusika, mtihani unauliza yale yale. Aliyekariri kwamba Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet inahusu ukeketaji, asiweze kuonyesha jinsi mwandishi anavyotufanya tutamani msichana Resian afike Chuo Kikuu cha Egerton, hajasoma fasihi bado, na mwajiri akimkataa simlaumu. Idara zinaweza kurekebisha hili bila kusubiri wizara. Zipange mkataba wa 1904 kwenye silabasi kando ya riwaya ya Kulet. Katika somo la uandishi wa kubuni, mwanafunzi apewe mkataba huo auandike upya, safari hii msimulizi akiwa mzee aliyeweka alama yake bila kuweza kuusoma, na akatwe alama kwa kila neno ambalo mzee huyo asingelisema.