MAZUNGUMZO YA JIONI: Pamba, Kinanda na Mtoto wa Unguja



Hapa Mwandoya, na katika Simiyu yote, mtoto hulijua neno "pamba" kabla hajajua kusoma. Pamba tumeilima, tumeichuma, tumeipeleka kuuza kwa mikokoteni ya ng'ombe, na fedha yake imesomesha wengi. Lakini ni wangapi kati yetu wajuao kwamba neno lenyewe asili yake ni Uajemi, nchi iitwayo leo Irani? Wala si hilo peke yake. "Bandari" ni neno la huko, na "serikali" vilevile. Maneno hayo yalifika pwani na mabaharia wa zamani, Kiswahili kikayapokea, kisha kikayaleta hata huku Usukumani. Leo hakuna mkulima asemaye kwamba "pamba" ni neno la kigeni. Limekwisha kuwa letu.

Nimeanza na hayo kwa sababu nataka tuzungumze juu ya nyimbo. Wazee wengi wananung'unika. Wasema vijana wameziacha ngoma, sasa wanataka muziki wa kompyuta na vinanda vya umeme, na kila wimbo una mapigo ya nchi nyingine. Hutoa na methali: mwacha asili ni mtumwa. Vijana nao wasema wazee hawawaelewi. Basi tutazame habari ya mwimbaji mmoja aliyezaliwa katika visiwa vyetu, tuone inatufundisha nini.

Tarehe 5 Septemba 1946 mtoto wa kiume alizaliwa mjini Unguja. Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walimwita Farrokh. Ni jina la Kiajemi, maana yake mwenye heri. Baba yake alikuwa mtunza fedha katika korti kuu ya serikali ya Waingereza. Watu hawa walikuwa Waparsi. Wazee wao wa kale walitoka Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, baada ya Waarabu kuiteka nchi ile. Walivuka bahari mpaka Gujarat katika bara Hindi, wapate kuishika dini yao ya zamani, dini ya Zarathustra. Huko walijifunza Kigujarati, wakavaa na kula kama wenyeji. Lakini sala zao hawakuziacha, na majina ya Kiajemi waliendelea kuwapa watoto wao.

Farrokh alipokuwa na umri wa miaka kama minane alipelekwa Panchgani, bara Hindi, akakaa katika shule ya bweni. Huko alijifunza kupiga piano, akaanzisha bendi pamoja na wanafunzi wenzake. Alirudi Unguja mwaka 1963. Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na mwaka huohuo jamaa yote ikahamia Uingereza, wakakaa Feltham, karibu na London. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba. Alisoma kazi ya uchoraji katika chuo cha Ealing, na mwaka 1970 akaungana na Brian May na Roger Taylor katika bendi waliyoiita Queen. Wakati huo ndipo alipoacha jina la Bulsara, akajiita Freddie Mercury. Kwa jina hilo dunia yote ikamjua.

Mwaka 1975 alitunga wimbo wa "Bohemian Rhapsody", wenye urefu wa karibu dakika sita, kinyume cha desturi ya redio za siku zile. Ndani yake aliingiza neno moja la Kiarabu ambalo kila mtoto wa Unguja hulisikia kabla ya kula. Tarehe 13 Julai 1985 aliimba katika uwanja wa Wembley mbele ya watu kama 72,000, katika tamasha la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia.

Hapa wazee wasikilize vizuri. Bendi hiyo, katika sahani zake za mwanzo, ilijivuna kwa maandishi kwamba haikutumia vinanda vya umeme vinavyotengeneza sauti. Lakini mwaka 1980, katika sahani ya "The Game", walivitumia. Na mwaka 1985 Freddie alipotoa sahani yake mwenyewe, "Mr. Bad Guy", vinanda hivyo vilijaa tele. Je, sauti yake ilipotea? La. Ilikuwa ileile. Chombo hakikumnyang'anya kitu, maana alichokuwa nacho alikuwa nacho kwelikweli.

Lakini kuna upande mwingine, nao una huzuni. Mtu huyu hakupenda kusimulia habari za Unguja wala za Waparsi. Wengi waliopenda nyimbo zake hawakujua kabisa alikozaliwa. Sababu aliijua mwenyewe. Ila twajua kwamba Uingereza ya miaka ile haikuwa na upole kwa wageni wenye ngozi ya rangi, na kijana mgeni hujifunza upesi kunyamaza. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991, mwenye umri wa miaka 45, kwa ugonjwa wa UKIMWI, siku moja tu baada ya kuutangazia ulimwengu kwamba anaugua. Dawa zenye nguvu za siku hizi zilikuwa bado. Nani kati yetu hajui kilio cha namna hiyo?

Siku ya mazishi wazazi wake walikuwapo, na makuhani wa dini ya Zarathustra wakamwombea kwa sala za lugha ya kale ya Irani. Tazameni basi! Jina alikuwa amelibadili, nchi ilikuwa imebadilika mara tatu, lakini kile ambacho baba na mama walikiweka nyumbani ndicho kilichomsindikiza katika safari yake ya mwisho.

Unguja nayo ilikawia kumpokea. Mwaka 2006 kikundi kimoja kilipinga sherehe ya kumkumbuka. Lakini mwaka 2019 nyumba ya makumbusho yake ilifunguliwa Shangani, na wageni huenda kuitazama.

Yuko mtoto mwingine wa Unguja, Mim Suleiman, aliyehamia Sheffield huko Uingereza. Pamoja na fundi wa muziki Maurice Fulton, Mmarekani, ametoa nyimbo zenye mapigo ya umeme ya kuchezewa usiku kucha. Lakini maneno yake ni Kiswahili. Hata majina ya sahani zake ni Kiswahili. Moja yaitwa "Tungi". Wazungu hucheza bila kujua maana, naye haoni haja ya kuwaficha lugha ya mama yake.

Sasa turudi kwetu. Wasukuma si maskini wa nyimbo. Tuna Bagika na Bagalu, walioshindana kwa ngoma tangu enzi za Ngika na Gumha. Tuna bugobogobo, ambayo huchezwa na majembe. Tuna baningi, watungaji ambao kijiji kizima huwaogopa kwa ulimi wao. Pale Bujora, karibu na Mwanza, Padre David Clement kutoka Kanada alizikusanya ngoma na vyombo vyetu, maana aliona thamani yake. Ikiwa mtu wa mbali aliiona, sisi tumefumbwa macho na nini?

Wazazi, kijana hapotezi asili kwa sababu ameshika kompyuta. Huipoteza kwa sababu hakupewa. Mmekaa naye jioni ngapi mkamwimbia wimbo mmoja wa babu yake, mkamweleza aliyeutunga na kisa chake? Methali yasema mwacha asili ni mtumwa. Lakini aliyenyimwa asili atakosaje kuiacha?

Nanyi vijana, kuchanganya ni kazi nzuri, lakini kwahitaji vitu viwili. Huwezi kuunga nsansa kwa karanga usizo nazo. Kama huna wimbo wa kwenu moyoni, huchanganyi, unaiga tu. Basi juma hili mwendeeni bibi mmoja mzee. Mwombeni wimbo mmoja tu. Urekodini katika simu, andikeni maneno yake, na jina la mtungaji kama analikumbuka. Halafu wekeni mapigo mpendayo.

Wala msilione haya jina mlilopewa nyumbani. Pamba ilitoka mbali na jina lake, haikuhitaji kulificha, na leo hapa Mwandoya ni mali yetu.