"Wapo" na Beti za Kuongezewa

Machi 2017 Nay wa Mitego alikamatwa kwa ajili ya wimbo wake "Wapo", na Basata wakaufungia. Punde Rais Magufuli akaagiza msanii aachiwe na wimbo upigwe. Hapa Musoma wengi tulishangilia. Mimi nilikwama kwenye nyongeza: Rais alishauri wakwepa kodi nao watiwe wimboni.

Sina ugomvi na shabaha hiyo. Ila nguvu ya wimbo imo katika jina lake. Chuoni tulifunzwa kwamba -po huonyesha mahali dhahiri. "Wapo" huelekeza kidole bila kutaja mtu, msikilizaji akajaza mwenyewe. Mtunzi akikabidhiwa orodha, fumbo limekwisha.

Katika tamthilia ya Juliasi Kaizari, aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, umati unamkamata malenga kwa kufanana jina na mwasi. Akijitetea, wanasema basi afe kwa mashairi yake mabovu. Nilipoifundisha Bunda, wanafunzi walicheka. Nami nilicheka nao. Wenye nguvu hawakosi kuwa wahakiki. Marufuku mshairi huweza kuipinga waziwazi. Ushauri wa mkubwa aliyemfungulia mlango, ataukataaje?