Hii "Ataacha Akikua" Inanyima Watoto Macho

Naomba tuache hii hadithi ya "ataacha akikua." Naisikia sokoni Nunguni, naisikia kwa matatu ya kushuka Salama, na kila mara kuna mtoto wa miaka 3 amebebwa hapo, jicho moja limegeukia pua.

Ukweli kidogo upo, ndio maana hadithi inashika. Macho ya mtoto mchanga hutangatanga miezi 3 au 4 ya kwanza. Wengine ni vile pua bado ni pana, macho yanaonekana tu kama yameingia ndani. Lakini mtoto amepita miezi 6 na jicho bado linageuka? Hiyo si ya kungoja.

Shida si sura. Ubongo ukiletewa picha mbili zisizolingana, unachukua moja na kulipuuza jicho lingine. Jicho lenyewe ni zima, ila halijifunzi kuona. Akifika miaka 7 au 8, kulirudisha ni kibarua. Ukubwani, upasuaji wa misuli unaweza kulinyoosha, lakini uoni uliopotea akiwa nasari haurudi hivyo.

Na si kila mtoto anahitaji kisu. Kuna makengeza yanayoanza miaka 2 au 3 kwa sababu mtoto anakaza macho ili aone. Mpe miwani na macho yananyooka. Wengine hufunikwa jicho zuri masaa machache kwa siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi.

Sasa hapo ndipo nyinyi mnaingia, ndio maana nawaandikia nyinyi na si susu. Nani anatuma stika za makengeza kwa grupu? Mtoto akichekwa shuleni anabandua kile kiraka, matibabu yanaishia hapo. Susu anasema "ataacha" kwa sababu hakuna aliyemwambia tofauti. Wewe una simu na bando.

Ebu fungua picha za mtoto wa dada yako uangalie macho. Na kama mboni moja inang'aa nyeupe kwa flashi, mpeleke wiki hii hii: inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo pia huleta makengeza. Anza na hospitali ya karibu, uitishe barua ya kuona daktari wa macho. Kikuyu wana kitengo kizima cha macho, Kenyatta pia wapo. Ni mbali na huku Kilungu, na huo ni ugomvi wangu mwingine na wakubwa. Lakini nauli ya kufika Kikuyu ni kitu tunachanga kwa harusi karibu kila Jumamosi.