Gobori Lililokufa Lisiuzwe

Kuna wenye masomo miongoni mwetu wanaosema kukusanya bunduki za zamani ni kuabudu vita. Eti chuma kilichoua wazee wetu kiuzwe kwa wanunuzi wa vitu vya kale, ama kipelekwe kwa mhunzi. Siye tunakataa.

Ndugu wasomaji, tuangalie gobori lenyewe. Kasiba yake ni laini, haina mifereji ndani. Baruti na risasi vinashindiliwa mdomoni, gumegume au fataki inawasha. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia bunduki za mifereji kuletwa huku, lakini ukaacha mlango wazi kwa gobori za gumegume na baruti ya biashara. Maana yake nini? Wakubwa walijiwekea silaha kali, siye wakatuachia za kuwindana. Mtoto ataelewa hayo upesi akilishika gobori mkononi.

Na hapa Nyangwe tuko na deni. Tarehe 15 Julai 1871 watu watatu wa Dugumbe waliingia sokoni na bunduki, mmoja akagombania bei ya kuku, kisha wakafyatua katikati ya wamama. Livingstone alikuwepo. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 330 mpaka 400, wengi wakimezwa na Lualaba. Machi 1893 askari wa Léopold, chini ya Dhanis, wakauteka mji, na Aprili Kasongo. Leo anayetafuta vitu vya vita ile anaelekezwa Tervuren, Ubelgiji. Mwanafunzi wa Nyangwe viza ataitoa wapi? Halafu tuuze hata kidogo kilichobaki?

Tunajibiwa: silaha ni hatari. Kweli kabisa, zaidi kwetu ambako Kabambare imelia bunduki miaka mingi. Lakini mhunzi haimalizi vita. Kasiba ile ile anaweza kuitolea pupu ya kufyatua kesho! Basi gobori life kwanza: serikali ijulishwe, maana sheria ya silaha ya 1985 ipo, fundi ahakikishe halina baruti, maana hata lenye kutu laweza kuwa limeshindiliwa, kasiba na tundu la moto vizibwe. Kisha likae shuleni au kwa chifu, na karatasi pembeni: nani alilibeba, nani alielekezewa.

Na nyie mnaolitundika ukutani kwa sifa za ukoo, karatasi hiyo inawahusu pia. Gobori bila habari ya waliouawa ni majivuno matupu. Wazee wanaojua habari hizo wanapungua kila mwaka. Tukawaulize sasa, kabla mnunuzi hajapiga hodi.