Mashine Ni ya Nani?

Na Mwanaidi Shekue

Tangu filamu ya The Matrix itoke mwaka 1999, vijiwe havijachoka kubishana kama dunia hii ni ya kweli au tumo ndani ya programu ya mtu. Ubishi mtamu, lakini haufiki popote. Hata kama ni programu, mwenye nyumba atakuja kudai kodi yake tarehe ileile.

Mimi huzipenda hadithi hizi pale zinapouliza mashine ni ya nani.

Mwaka 1964 Mmarekani Daniel Galouye alichapisha riwaya ya Simulacron-3. Humo kampuni imejenga mji mzima ndani ya kompyuta, na wakazi wake wanaishi bila kujua kwamba wao ni hesabu tu. Wenye mji hawakuwa na haja ya falsafa. Walitaka utafiti wa soko: badala ya kugonga milango na kuwauliza watu wanapenda sabuni ipi, unawapelekea sabuni hiyo wakazi wa bandia, halafu unatazama. Wahojaji wanaandamana, maana kazi yao inakwisha. Ndipo mhusika mkuu anapogundua kwamba dunia yake nayo ina wenyewe huko juu. Mwongozaji wa filamu Fassbinder aliigeuza riwaya hiyo kuwa filamu ya televisheni ya Ujerumani Magharibi mwaka 1973, lakini ni wachache wanaoikumbuka.

Greg Egan wa Australia alikwenda mbali zaidi katika Permutation City, riwaya ya mwaka 1994. Ubongo wa mtu unapigwa picha kwa mashine, nakala yake inaendelea kuishi kwenye kompyuta ikiwa na kumbukumbu zote. Ila uwezo wa kompyuta unauzwa sokoni. Tajiri aliyejiwekea mfuko wa fedha anafikiri kwa kasi ya juu kabisa, na hata hiyo ni mara 17 chini ya kasi ya walio hai. Maskini anangoja bei ishuke ndipo aendelee na wazo lake, kama mtu anayekesha akisubiri bando la usiku. Umauti umeahirishwa, utabaka umebaki palepale. Kwangu hilo linatisha kuliko roboti yoyote yenye bunduki.

Ted Chiang, katika hadithi ndefu ya mwaka 2010, The Lifecycle of Software Objects, anaandika kuhusu viumbe wa kidijitali wanaolelewa kama watoto, kwa miaka, kwa subira. Kampuni iliyowaunda inafungwa. Baadaye ulimwengu wa mtandaoni wanamoishi nao unapoteza watumiaji, na kuwahamishia kwingine kunahitaji fedha ambazo walezi hawana. Mwenye fedha anajitokeza: ni kampuni inayotaka kuwauza kama wapenzi. Mlezi mmoja anakubali.