Simu Rahisi, Nani Analipa?



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Salale. Jirani yetu, mvuvi wa kamba, alinipa simu yake mpya niitazame. "Mwanangu, bando naweka asubuhi, adhuhuri limekwisha, na mnunuzi sijampata." Nilipoifungua nikakuta programu ambazo hakuziomba zikivuta bando kimyakimya.

Ushindani wa watengenezaji umetufaa, tusikane. Simu ya laini mbili imemsaidia mtu wa kipato kidogo kufuata mtandao wenye nafuu. Lakini bei ikishuka, faida hutafutwa kwingine. Google hutoa mfumo wa Android bure. Fedha zake hutoka zaidi kwenye matangazo. Mwaka 2018 Tume ya Ulaya iliitoza faini ya euro bilioni 4.34, ambayo mahakama iliipunguza baadaye. Kosa mojawapo: mtengenezaji aliyetaka duka lake la programu alilazimika kuweka pia huduma yake ya utafutaji na kivinjari chake.

Papa Yohane Paulo II, katika Centesimus Annus (1991), alikubali kwamba faida ina nafasi yake halali. Ila alionya kuwa hesabu zaweza kukaa sawa huku utu wa watu ukidhalilishwa.

Mtu hachagui asichoambiwa. Muuzaji aseme kilichomo kabla ya kupokea fedha. Nasi vijana tunaojua mipangilio, tukae na wazee wetu dakika kumi, tuwazimie wasivyovihitaji. Huo nao ni upendo wa jirani.