Fundi wa Seva Afundishwe, Asilaumiwe Bure

Ndugu Wafanyakazi,

Matajiri wana neno lao moja siku hizi. Fundi wa seva akiomba mafunzo hujibiwa, "Wewe una miaka kumi katika kazi hii, wataka kufundishwa nini tena?" Lakini seva ikienda polepole mwisho wa mwezi, na wateja wakipiga kelele, fundi huyo huyo huambiwa hajui kazi. Ni lipi la kweli kati ya hayo mawili?

Sisi twasema hivi. Kuwasha seva na kuitunza ni kazi moja. Kupima mwendo wake na kuurekebisha ni kazi nyingine. Anayeifaa kazi hii ya pili ni fundi wa siku nyingi, kwa kuwa ajua tabia ya mashine yake: saa gani ina shughuli na saa gani imepumzika. Anachokosa ni mafunzo.

Tazameni mfano. Seva ya Linux huitumia kumbukumbu isiyo na kazi kuwekea nakala za mafaili yaliyosomwa, na huiachilia programu zikiihitaji. Asiyefundishwa huona kumbukumbu imejaa, na tajiri hukimbilia dukani. Tena, hesabu ya mzigo inayoonyeshwa na Linux haihesabu tu kazi zinazongoja prosesa. Huhesabu pia zinazongoja diski. Mzigo waweza kuwa mkubwa na prosesa imekaa bure. Nunua prosesa mpya, na seva itabaki vile vile! Fundi aliyefundishwa hupima siku za kawaida na kuandika, ili siku ya taabu awe na cha kulinganisha. Kisha hubadili jambo moja tu, akapima tena.

Matajiri wasema hakuna fedha. Mbona za kumlipa mshauri wa nje zipo? Wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu huja, hulipwa, huenda zake, na mwenyeji haponi. Isitoshe, Sheria ya Mafunzo ya Kazi, Sura ya 237, humtaka mwajiri atoe shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, na NITA yaweza kumrudishia gharama za mafunzo iliyoyakubali. Fedha hizo ni za kutufundisha sisi. Basi aziombe!

Twataka mambo manne yaandikwe katika mapatano:

1. Mafunzo yawe saa za kazi, kwa mshahara kamili.
2. Iwepo seva ya majaribio, mtu asijifunzie juu ya mashine inayohudumia wateja.
3. Cheti kihesabiwe katika kupandishwa cheo.
4. Mshauri akiitwa, afanye kazi mbele ya mafundi wetu na awaachie maarifa.

Kila fundi amweleze mjumbe wake haja hizi kabla ya mazungumzo na matajiri kuanza. Atakayenyamaza sasa asishangae seva itakapokwama na jina lake kuandikwa katika barua ya onyo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu.